Jiwe la Jiko na Gari la Muziki

Karatu, Jumapili, mwezi wa sita, 1982

Ukungu umeshuka tangu alfajiri na hautaki kuondoka. Hata choo cha jirani sikioni. Baridi inaingia mpaka kwenye meno.

Mwanangu Elia amelala. Kila nikimaliza mstari naweka kalamu chini, namsogezea kiganja puani nisikie anapumua. Anapumua. Mdogo wake yuko mgongoni kwangu, naye amelala. Mimi ndiye sijalala.

Sijui namwandikia nani. Niandike tu, labda moyo utatua.

Mume wangu ni fundi redio. Kibanda chake kiko barabarani, na wateja wake ni watu wa kawaida: walimu, vibarua wa kahawa, wafugaji wanaoteremka kutoka Nainokanoka na redio zimefungwa ndani ya shuka kama watoto wachanga. Anaiweka redio mezani, anaifungua, anaipuliza vumbi. Redio haina magurudumu. Ikimshinda fundi inanyamaza tu, haiui mtu.

Ndipo akaja Denisi. Ni mtoto wa meneja wa shamba moja la kahawa kule Oldeani, kijana wa rika letu, ana gari la michezo, jekundu, milango miwili, limelala chini kama chura anayetaka kuruka. Barabara ya Oldeani na mashimo yale, sijui anapitaje na kitu kile. Alikuwa na redio kaseti mpya, spika nne, na kisanduku cha kukuza sauti, akasema:

"Fundi, nataka nikiwasha hapa Karatu, Oldeani wajue nimeshaondoka."

Baba Elia akacheka. Niliyaona macho yake. Nayajua macho yale, ndiyo aliyonitazama nayo siku alipokuja kwetu kunichumbia. Jambo likishaingia humo halitoki.

Nikamwuliza usiku ule, "Umewahi kufunga redio kwenye gari?"

"Mama Elia, umeme ni umeme."

Tangu hapo nikaanza kuogopa. Sikuwa na sababu ya kumweleza mtu. Nilikuwa naogopa furaha yake tu.

Gari likakaa uani kwetu likichinjwa kama mbuzi. Viti nje, zulia nje, ubao wa nyuma umekatwa msumeno kuingiza spika. Kuku akataga kwenye kiti cha dereva na hakuna aliyemfukuza. Masanduku ya spika aliyapiga randa mwenyewe, akaja kuniomba kitambaa cha kuyafunika usoni, nikampa pindo la kitenge changu cha harusi. Nilimpa kwa sababu alikuwa anaimba akifanya kazi. Miaka mitatu sijamsikia akiimba.

Sasa lazima niseme habari ya jiwe.

Uani kwetu ni mteremko. Denisi aliliegesha gari likiangalia chini kwa makusudi, kwa sababu stata yake ni mbovu, na huku kwetu gari la stata mbovu halilazwi tambarare. Unaliweka juu, asubuhi unaliachia, linateremka, linawaka. Gari zuri vile, linawashwa kama lori la mkaa! Basi, likahitaji jiwe kubwa la kuzuia gurudumu. Mawe ya uani ni ya kutupia kunguru. Baba Elia akaingia jikoni, akatoa figa moja katika matatu.

"Nitalirudisha jioni," akasema.

Hiyo ilikuwa Jumatatu. Nikaweka tofali mahali pake, sufuria ikawa inakaa upande kama mlevi.

Jambo ambalo hakutuambia ni hili: waya za spika za nyuma zilitakiwa kupita katikati, chini ya breki ya mkono. Kwa hiyo breki ya mkono akaifungua, na gia akaiacha huru ili apate nafasi ya kuingiza mkono. Gari zima likabaki linashikiliwa na jiwe letu la jikoni. Alijua yeye peke yake.

Jana mama mkwe akafika kutoka Daa na mahindi yake na maharage yake. Hata hakuketi. Akachungulia jikoni.

"Hili ni jiko au ni nini?"

"Ni jiko, mama. Figa moja liko nje."

"Nje linafanya nini? Linaota jua?"

"Liko kwenye gari, mama. Baba Elia amelichukua."

Akaguna ule mguno wake. "Figa la nyumba halitoki nje. Limetoka, limekwenda kwenye gari la mtu wa Oldeani! Na ninyi mtakula nini, muziki?"

Nikacheka. Mimi ni mtoto wa kibarua kutoka Singida, na kwa miaka yote hii mama huyu sijajua lini anatania na lini ananisema. Jana nilijua anatania. Nilifurahi hata.

Alasiri muziki ukawaka.

Siwezi kueleza ulivyokuwa. Tumezoea redio moja yenye sauti ya mtu aliye ndani ya debe. Huu ulitoka chini ya ardhi. Kifua changu kiliitika kama ngoma. Watoto wa jirani wakaja mbio, mbwa akaingia uvunguni. Baba Elia alisimama ameshika bisibisi, machozi yanamlenga, akajifanya ni moshi wa risasi ya kulehemu. Elia akapanda nyuma, akajilaza katikati ya spika mbili, na usiamini, akalala. Katika kelele ile ile. Tukamwacha. Baba Elia akapunguza sauti, akaenda kibandani kutafuta fyuzi.

Mimi nikashuka nyuma ya nyumba kuanika nepi.

Nilikuwa na kibanio mdomoni. Muziki ulikuwa upande wa kushoto, nyuma ya ukuta. Kisha nikausikia unahama.

Sikuelewa. Nilifikiri Baba Elia analijaribu gari. Nikainua macho, nikamwona Baba Elia yuko kule juu barabarani, anakuja kwa miguu, ana fyuzi mkononi.

Muziki ukaendelea kuteremka.

Nikakimbia, mtoto mgongoni, nepi shingoni. Nilipiga kelele, na sauti yangu sikuisikia, kwa sababu gari lilikuwa linaimba. Lilipita kwenye shamba la jirani lililovunwa, likirukaruka kwenye matuta, polepole kwanza, halafu siyo polepole. Kule chini kuna korongo ambalo mvua imelichimba mpaka ng'ombe akitumbukia anachinjwa humo humo. Kwenye kioo cha nyuma nikaona kichwa cha mwanangu. Alikuwa ameamka. Alikuwa ananipungia mkono.

Hapo katikati kuna kitu kilinipita moyoni, nitakiandika kwa sababu hakuna atakayesoma. Nilimchukia mume wangu. Nilimchukia na kuimba kwake.

Jirani alikuwa amelundika mabua ya mahindi ya kulisha ng'ombe. Gari likaingia kwenye lundo mpaka milangoni, likasimama. Korongo lilikuwa pale pale, ng'ambo ya lundo. Muziki haukukatika hata kidogo.

Nilipomtoa dirishani, Elia akasema, "Mama, gari linajua kwenda peke yake."

Nikamfinya kifuani mpaka akalalamika.

Tulipopanda nyumbani tumembeba, mama mkwe alikuwa amechuchumaa jikoni, sufuria ya makande imekaa vizuri juu ya mafiga matatu. Alikuwa amelichukua jiwe lake. Anasema alilisukuma kwa mpini wa jembe na gari halikutikisika, gurudumu lilikuwa limezama kwenye udongo. Akalibeba akaenda zake. Elia alipoamka na kurukaruka ndani, ndipo gari likang'oka.

"Baba Elia," akauliza, "gari hilo halina breki?"

"Niliifungua, mama."

"Uliifungua ukamwambia nani?"

Alikaa chini, kwenye vumbi, na fyuzi yake. Mama mkwe akaanza kusema kwa Kiiraqw, haraka haraka, mikono kichwani, na maneno yake sikuyajua ila jina la Elia. Makande hakuna aliyekula.

Nasikia Elia anageuka. Naacha.

*

Ni saa tisa. Narudi kuandika, ukungu umepanda kidogo.

Denisi anakuja leo jioni kulichukua gari. Wanaume wa jirani walilivuta kwa kamba jana, limepata mkwaruzo tu. Baba Elia amehangaika nalo tangu alfajiri anarudisha viti na breki. Na kuna ahadi. Denisi alimwambia Elia wiki iliyopita kwamba siku ya kulichukua atampeleka na baba yake mpaka geti la Ngorongoro akaone nyani, kisha wapande hadi ukingoni juu ya kreta, waegeshe, wafungue milango yote, wasikilize muziki ukishuka kule bondeni.

Waegeshe ukingoni.

Elia alipoamka kitu cha kwanza alichovaa ni viatu vya kanisani, cha kulia kushoto. Akasimama kando ya gari.

Nikamwambia baba yake, "Elia haendi."

"Mama Elia, limefungwa. Nimelifunga kwa mikono yangu."

"Na jana lilifunguliwa na mikono ya nani?"

Akanitazama. Nikajua nimempiga pabaya, lakini sikurudi nyuma.

"Ukitaka aende," nikasema, "vuta breki, ondoa jiwe. Lisimame hapo mteremkoni sisi tukiliangalia."

"Unanifanya mimi mtoto, mbele ya mama?"

Mama mkwe alikuwa mlangoni pa jiko. Tangu jana hakuwa amesema neno kwangu, nami nilifikiri ananichukia kwa kuwa niliona aibu yake. Akasema, bila kumtazama mwanawe, "Fanya alivyosema mkeo."

Baba Elia akaingia, akakaa kitini. Akavuta kishikio cha breki mpaka juu, kikalia vizuri, kaka-kaka-kaka, kama cha gari la serikali. Akatoa mkono nje akatuonyesha kiganja kitupu. Nikaliondoa jiwe mwenyewe, tangu jana tumeazima moja kwa jirani, dogo kidogo.

Likasimama.

Baba Elia akatabasamu. "Umeona? Haya, mwachie mtoto apande."

Elia akaushika mlango. Nami, Mungu anisamehe, nikaanza kuona haya. Nikafungua mdomo kumwambia pole mume wangu.

Ndipo nikaona jani la bua lililokwama kwenye gurudumu. Lilikuwa juu. Sasa lilikuwa mbele. Kisha likaanza kwenda chini.

Nilimnyakua Elia kwa kola ya shati. Baba Elia akakanyaga breki ya mguu, likasimama, akabaki ameganda pale ndani hawezi kuinua mguu, uso umekuwa wa majivu. Lile jiwe la jirani nilikuwa nimeshalitupa mbali, na mwili wangu haukutaka kwenda kulichukua.

Aliyekwenda ni mama mkwe. Hakuokota lile. Aliingia jikoni, nikasikia sufuria ikianguka, na harufu ya maharage yanayoungua. Akatoka amekumbatia figa kwa gunia, la moto, linatoa moshi kwenye ukungu, akaja nalo akiwa ameinama kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa. Akalisukumiza chini ya gurudumu kwa mguu.

"Sasa inua mguu wako," akamwambia mwanawe.

Akainua. Halikusogea.

Baba Elia anasema waya za spika zimejisokota na kebo ya breki huko chini. Kishikio kinapanda, kinalia vizuri, na kebo haivutiki. Kama siyo hapa uani, wangekuja kujua wakiwa wapi? Amesema hivyo kwa sauti ndogo, ananiuliza mimi, kama vile mimi ndiye fundi. Nikamshika bega. Lilikuwa limelowa jasho, na baridi hii. Chuki yangu ya jana nimeitafuta, sikuipata. Hofu ndiyo imebaki.

Amefungua kila kitu upya. Safari hii amesema gari halitoki mpaka breki ilishikilie bila jiwe, yeye mwenyewe akiwa ndani, na Denisi akifika ataelezwa yote, mkwaruzo, korongo, yote. Akishindwa kusema, nitasema mimi. Na wakikubaliana kwenda ukingoni, waende watu wazima wanaojua wanakokwenda. Baba Elia nimemwomba asiende. Simlazimishi, lakini nitamwomba tena.

Mama mkwe amekaa kwenye kigoda kando ya gurudumu, amelipa gari mgongo. Nilimpelekea chai. Akapokea, akasogea kidogo, nikakaa naye. Makande yamemwagika kwenye majivu, jioni tutakula viazi vya kuchoma, na jiko lina mawe mawili na tofali. Sikumkumbusha kuwa figa la nyumba halitoki nje.

Elia analia tangu saa ile. Analia na viatu vyake miguuni, anasema mimi ni mama mbaya, anataka kuona nyani. Nimembembeleza, hataki. Basi, alie.

Namsikia kutoka hapa. Sauti yake iko pale pale, haihami.