Bunduki ya Risasi Moja

Mtongwe, Likoni. Jumamosi, 1947.

Mvua ilishika tangu adhuhuri, sasa imebaki manyunyu. Nimekwisha kuswali Magharibi, nimekaa kuandika. Wino umenidondokea hata kwenye kanzu.

Leo tumenunua bunduki.

Nyumba nzima imefurahi, na wana haki. Nguruwe wameifukua mihogo yetu kuliko tulivyoilima wenyewe, na kaka yangu Salimu amehangaikia kibali cha serikali mpaka nyayo zikaota sugu. Kibali ni cha bunduki ndogo tu, ile ya risasi nyembamba, na kwetu ndiyo inayofaa. Kwani Kaka hataki kufukuza nguruwe tu, anataka na kitoweo. Bunduki kubwa ikimpiga paa au kanga humuua palepale, naye akifa kabla ya kuchinjwa ni mzoga, hatumli. Hii ndogo humwangusha akiwa bado na roho. Basi Kaka atapiga, na mimi nitakimbia na kisu nimuwahi.

Kukimbia ni kazi yangu tangu utotoni, tulipokuwa tukitega kwa kamba. Mnyama akianguka, mimi huyo, kisu mkononi. Sifikiri, miguu hujiendea yenyewe. Lakini siku hizo nyuma yangu hapakuwa na kitu. Sasa patakuwa na bunduki, na tangu kibali kitoke sina usingizi mzuri. Sikumwambia mtu. Mdogo atamwambiaje mkubwa wake kwamba anamwogopa?

Asubuhi tulivuka feri tukaenda Changamwe, kwa karani mmoja wa reli, Mgoa, anayerudi kwao Goa na kuuza vitu vyake. Alitulazia bunduki mbili juu ya kitanda. Zote mbili zinakula risasi ile ile, nyembamba kuliko kidole changu cha mwisho. Moja ni ya kutia risasi moja kwa mkono, ukipiga unafungua, unatia nyingine. Ya pili ina kisanduku cha risasi tumboni. Unavuta chuma nyuma, unasukuma mbele, iko tayari tena.

Kaka aliipenda ya kisanduku mara tu alipoiweka begani. Alisema nguruwe aliyejeruhiwa humgeukia mtu, na mtu huyo hatakuwa na nafasi ya kupapasa mfukoni. Ni kweli. Mimi macho yangu yalikuwa kwenye ile nyingine. Ile ikishalia, imekwisha. Ni chuma na mti tu.

Mgoa akatutoa nyuma ya nyumba tujaribu. Alipanga mikebe ya maziwa juu ya gogo, na nyuma ya gogo palikuwa na kichuguu kikubwa cha kuzuia risasi. Kaka akaishika ya kisanduku. Nilisimama ubavuni pake.

Akapiga. Mkebe wa kwanza ukaanguka.

Nami nikakimbia.

Sijui niseme nini zaidi. Kitu kimeanguka, miguu ikaenda, mkono ukashika kisu kiunoni. Nilikuwa nimefika katikati ya njia, nakwenda kuuwahi mkebe wa maziwa kabla haujakata roho, Kaka alipopiga mkebe wa pili. Alikuwa amefumba jicho moja na lile jingine liko kwenye mtutu. Hakuniona. Nilisikia kitu kikinipita sikioni kama nyuki mwenye haraka.

Nililala kifudifudi kwenye majani mabichi. Nyuma yangu Kaka alianza kucheka. "Wallahi, Omari, ulikuwa uuchinje mkebe?" Halafu kicheko kikamkatikia. Nilipogeuka nilimwona ameiweka bunduki chini, midomo imemkauka.

Kisha Kaka akasema, polepole, "Chagua wewe. Ndiwe utakayekwenda mbele."

Nikaonyesha ya risasi moja kabla hajamaliza.

Mgoa alipokuwa akiifunga kwenye gunia, nadhani alimwonea Kaka huruma kwa kukosa aliyoipenda. Akamwambia kuna njia: ukiwinda, shika risasi ya pili kwa meno, na ukizoea utapiga upesi kama mwenye kisanduku. Nililisikia neno lile na sikulitilia maanani. Nilikuwa nahesabiwa bado miongoni mwa walio hai, hilo lilinitosha.

Jioni nimetoka kisimani nikamkuta Kaka barazani, anafanya mazoezi kwa maganda matupu aliyookota kwa Mgoa. Anafyatua, anafungua, anachomoa ganda menoni, anatia, anafunga. Kila mara upesi zaidi. Aliponiona alitabasamu, na shaba ikang'aa katikati ya meno yake.

Niliitua ndoo. Ile niliyoichagua kwa sababu ikilia imekwisha, sasa haikwishi tena.

"Kaka, kesho sikimbii mpaka uniite kwa jina."

Alitaka kujibu, ganda likamzuia. Akalitemea kiganjani.

"Kwa jina?"

"Jina langu lote. Omari bin Hamisi. Nilisikie limetoka sawasawa."

Alinitazama, akalitazama lile ganda, na nikaona ameelewa kwa nini nataka kinywa chake kiwe kitupu.

"Uliogopa leo," akasema.

"Niliogopa. Naogopa hata sasa."

"Na mimi," akasema, akalitia ganda mfukoni.

Mke wangu ameuliza mbona sili, nikamwambia nimeshiba. Kisu nimekwisha kukinoa, kipo juu ya kabati. Kesho tukitoka msikitini alfajiri tunaingia msituni, na Kaka ataniita, inshallah, najua ataniita. Yeye nimeshamwambia.

Miguu nitaiambiaje?