Salamu kwa Bibi Mabruka

Nizwa, 3 Novemba 2023

Kaka Bassam,
Shikamoo. Mimi mzima, na uzuri umenizidi: Ijumaa sokoni hata mbuzi wa mnadani huacha majani wakanitazama. Wewe huko Genova wakuite watakavyo, uzito mwepesi, ngumi za ridhaa, lakini mwalimu wako ni mimi niliyekutoa damu puani uani kwa Bibi Mabruka. Baba'ako Mtaliana kakufundisha kula tambi tu.

Mama'ako, mama mkubwa wangu, hutaka nimsomee barua zako huku mikono yake imejaa unga. Anauliza, mbona simu hupokei? Na fainali ya Februari usituaibishe, Nizwa nzima nimeshaitangazia.
Mdogo wako, Wadhah

Genova, 21 Novemba

Mdogo wangu,
Marahaba. Mimi sijambo. Simu mwanga wake unanichoma macho, ndio maana nashika kalamu. Nimeshinda mapambano mawili, ingawa la pili nimehadithiwa, silikumbuki. Mama mwambie mzima. Bibi nisalimie sana, aniwekee halwa.
Kaka yako, Bassam

Nizwa, 10 Desemba

Kaka,
Shikamoo. Una wazimu wewe? Bibi tumemzika mwaka jana, na jeneza mbele ulibeba wewe. Mzaha gani huo? Kwa mama'ako niliruka mstari, nikasema, "Anasalimia wote." Akasema, "Mwanangu ana adabu, si kama wewe." Haya, kazana na mazoezi. Kahawa siku hizi nanyweshwa bure kwa jina lako.
Mdogo wako, Wadhah

Genova, 14 Januari 2024

Wadhah,
Habari za huko? Bibi mbona hajibu salamu zangu? Kanikasirikia? Daktari wa timu kaniuliza kama nasahau vitu, nikamwambia hapana. Lakini naogopa, mdogo wangu. Muulize Bibi, niende fainali au niache? Atakalosema ndilo nitakalofanya.
Kaka yako, Bassam

Nizwa, 22 Januari

Kaka,
Bibi anakusalimu. Kasema nenda.
Wadhah

Nizwa, 9 Machi

Kaka Bassam,
Shikamoo. Hali yako siulizi, nimeambiwa. Mama'ako alipofika huko hospitali ulimwita yeye "nesi". Ananambia kwenye simu kwamba raundi mbili za fainali ulimpiga yule kijana ukamweza, ya tatu ukasimama katikati ya ulingo mikono chini, kama mtu aliyepotewa na mlango. Kila siku anamlaani aliyekupiga. Asimlaani.

Mama mkubwa, najua ni wewe unayemsomea hii. Mara mbili mwanao aliandika kumuulizia Bibi kana kwamba yu hai, na mara zote mbili nilikuwa nimekaa mbele yako nakusomea, nikaruka mistari hiyo. Ungejua, ungemzuia, nami ningekuwa ndugu wa nani? Alipotaka ruhusa ya Bibi, nikampa.

Bibi hakusema aende. Nilisema mimi.
Mwanao, Wadhah