Vidoa Nilivyokataa Kufuta

Jumamosi, Mbale. Imenyesha tangu alfajiri, na mlima Wanale umejifunika mawingu gubigubi. Wacha niandike kabla sijapoa.

Leo Mwalimu amerudi kwenye hadubini.

Kwa mgeni wa blogu hii: Mwalimu ni profesa aliyenifundisha kazi hii ya kuchungulia seli. Ujanani mwake alichagua seli za mzizi wa mgomba, wenzake wakamcheka. Matoke ni ya kula, bibi, ya kuchungulia nini? Akachungulia tu, akachora alichokiona, na michoro yake ndiyo tuliyosomea sote. Kisha mtoto wa jicho akamziba macho, kazi yake ya mwisho ikiwa nusu.

Ndipo nikawa macho yake. Nikipata nafasi natoka kwangu Mafubira, kule Jinja, nakuja kwake Malukhu, hapa Mbale, kuchora, naye kaketi pembeni akinihoji kama afande. Alikulia kambini, baba yake alikuwa mwanajeshi, na Kiswahili chake hakijavua buti mpaka leo.

Ugomvi wetu ulikuwa vidoa. Seli inapojigawa, mimi naona vidoa vyeusi pembeni mwa kiini. Kwenye michoro yake ya zamani havipo. Nilipomwambia, akanikata: "Hiyo ni takataka ya rangi. Futa!"

Nikasogeza slaidi, nikabadilisha rangi tunayotia seli ili zionekane, vidoa vile vile. Sikufuta.

Tangu apasuliwe jicho namwombea kila baada ya swala. Na papo hapo, Mungu anisamehe, kupona kwake kulikuwa kunanitia hofu. Akichungulia asivione, basi nimemharibia kazi ya maisha yake kwa ubishi wangu tu. Huwezi kumwombea mtu apone huku unatamani achelewe kidogo, lakini mimi nimefanya hivyo wiki nzima.

Jana daktari akampa ruhusa ya kuchungulia tena. Mchoro wangu alikuwa hajautazama hata mara moja, kwa sababu kanuni yake ni hiyo: kwanza seli, halafu karatasi.

Asubuhi hakutaka hata chai, alitaka mzizi. Mzizi hukatwa mapema, seli zikiwa kwenye kujigawa, kwa hiyo nikaingia migombani na mwavuli, matope hadi vifundoni. Rangi aliichuja mwenyewe kwa kitambaa kipya, akichuja huku ananitazama, kama anayeniambia leo tutajua nani mkweli. Akaweka ncha ya mzizi kwenye slaidi, akaibonyeza kwa kidole gumba, akainama.



Mvua inapiga mabati, yeye anasogeza slaidi, anarudisha, anasogeza tena. Mimi nimekunja ncha ya mtandio wangu hadi imekuwa kama kamba.

"Leta mchoro."

Nikaleta. Akaangalia karatasi, akarudi kwenye lenzi, akarudi kwenye karatasi.

"Penseli."

Nikasema moyoni, haya, nimekwisha. Sasa anapiga mstari wa kufuta kazi nzima.

Akainama, taratibu kabisa, akaongeza kidoa kimoja.

"Hii moja ulisahau."

Nikachungulia. Kweli kipo, kimejibanza nyuma ya mwenzake! Nikacheka, machozi yakanitoka, nikamkumbatia bila kuuliza ruhusa. Jicho limepona, jamani. Limepona kuliko langu.

Nilipomwachia ndipo nikaona hacheki. Alikuwa ameshika mchoro wake wa zamani, ule wa vitabuni, anapapasa karibu na kiini, pale palipo peupe.

"Miaka yote mimi naona hii kitu," akasema. "Nafikiri ni uchafu. Nafuta."

Nikampikia chai, akainywa yote, kisha akaanza kunigombeza kwamba sukari ni nyingi.

Kukipambazuka, Inshallah, nakata mzizi mwingine. Tunaanza upya na mchoro wake wa kwanza kabisa. Ameniagiza penseli mbili, na kifutio tukifungie kabatini.