Mikono ya Wairimu Ilipotulia

Jumatano, alasiri. Mvua ya Eldoret ile isiyo na haraka, imeanza asubuhi na bado inanyesha kama mtu aliyesahau kufunga mfereji. Baridi. Nimefungua saluni lakini sijawasha redio. Kama kuna mteja wa leo, atakuja mwenyewe. Mimi sisimami mlangoni kuita mtu.

Sijisikii vibaya. Sijisikii vizuri. Nikijibonyeza ndani sipati kitu, kama ufizi uliodungwa sindano na daktari wa meno.

Binti yangu yuko wodini. Ana miaka kumi na saba. Amelazwa kwa sababu ya pombe.

Nimeiandika hivyo ili nione inavyokaa. Inakaa tu.

Wacha nianze pale nilipoona, maana yenyewe ilianza kitambo. Wairimu ni kifungua mimba wangu, yuko kidato cha tatu katika shule ya kutwa. Jumamosi huja kunisaidia hapa saluni. Anasuka kunishinda, mistari yake imenyooka kama mahindi yaliyopandwa kwa trekta. Kuna wateja wanaomngoja yeye na mimi nimekaa bure. Jumamosi iliyopita alikuwa akimsuka Mama Hodhan, anayeuza vitambaa hapa karibu, kule nyuma ya pazia tunakowahudumia kina mama wasiotaka nywele zao zionekane na wapita njia. Nikasikia Mama Hodhan amenyamaza katikati ya hadithi. Mama Hodhan huwa hanyamazi. Nikachungulia.

Mikono ya Wairimu ilikuwa ikitetemeka. Si mtetemeko wa baridi. Alikuwa anatafuta mahali pa kugawa nywele, kitana kinacheza, na mstari haupatikani.

"Mama Wairimu," Mama Hodhan akaniambia polepole, "huyu msichana ni mgonjwa. Mwache akae."

Nikamjibu ni malaria inamsumbua. Sijui uongo huo ulitoka wapi, kwa sababu mwenyewe nilidhani ni njaa. Siku hizi hagusi chakula cha asubuhi. Nikamkorogea chai ya sukari nyingi. Hakuinywa. Akasema anaenda choo, kile cha nyuma tunachotumia pamoja na watu wa duka la viatu.

Aliporudi, mikono ilikuwa imetulia.

Alishika kitana, akagawa nywele, akaendelea kusuka. Hata akacheka. Mama Hodhan akasema alhamdulillahi. Mimi nilisimama pale na taulo mkononi, nikahisi kitu kikizimika ndani yangu jinsi stima hupotea: hakuna kelele, giza tu. Hakijarudi mpaka leo.

Mtu huona mambo mengi bila kuyaona. Peremende za mnanaa kila mfuko wa sweta. Kulala akitoka shule, viatu bado miguuni. Kuacha kwaya aliyoipenda. Kumkaripia mdogo wake kwa sababu ya kijiko. Alama za hesabu zilizoshuka na yeye hata hakujali. Kila kitu nilikuwa nimekipatia jibu lake. Ni umri. Ni mitihani. Pengine ni mvulana. Na harufu? Mimi nashinda kwenye asetoni, dawa ya nywele na spirit. Pua yangu ilikufa zamani.

Mama Hodhan alipoondoka nilienda choo. Nyuma ya tangi la maji kulikuwa na chupa ya kondishona, ya saluni yangu mwenyewe. Nikaifungua nikitarajia ile harufu ya nazi. Nikaonja. Ikanichoma ulimi.

Niliiweka mezani mbele yake, katikati ya rola na vibanio. Aliitazama, akakaa kwenye kiti cha wateja kama mtu aliyechoka kutembea.

"Tangu lini?"

"Form two."

"Kila siku?"

Akaokota kibanio, akakibana kidoleni. Nikamuuliza kama kuna mtu alimfanyia kitu kibaya. Nikamuuliza mara nyingine, kwa jina la Mungu aniambie, sitamgombeza.

"Hakuna kitu kilitokea, Mum. Tulikuwa kwa birthday ya rafiki yangu, huko Elgon View. Walikuwa na pombe ya wazazi, nikaonja, kichwa kikanyamaza. Sikuwa najua kichwa changu kina kelele mpaka hiyo siku."

Hapo nataka kuwa mkweli. Nilitamani kuwe na mtu. Mwalimu, jirani, mvulana fulani. Ningempata wa kumchukia, na chuki angalau ni kitu cha kufanya.

Jioni hiyo tulimwambia babake. Baba Wairimu anaendesha lori la mahindi, ni mtu mpole, hajawahi kumpiga Wairimu hata siku moja. Huyu mtoto ana jina la nyanya yake, marehemu mama wa babake, na nyumbani babake anamwita Maitu, yaani mama kwa Kikuyu, tangu akiwa wa kubebwa mgongoni. Alisikiliza yote, akavua kofia, akaishika kwenye magoti. Akasema, "Afungiwe chumbani. Itamtoka tu. Mjomba wangu aliachishwa hivyo hivyo."

Nilikubali. Ilisikika kama dawa, na tena dawa ambayo hakuna jirani yeyote hapa Langas angeiona. Jumapili ilikuwa kesho yake, na nilifikiria watu wa kanisa kabla ya kumfikiria mtoto. Baba Wairimu alitoa wazo. Lakini ufunguo niliugeuza mimi.

Jumapili aliomba maji, tukampa. Aliomba blanketi, tukampa, akalitupa akisema linamchoma. Alikuwa analowa jasho na nje kuna baridi ya kukata masikio. Mchana akabisha mlango kwa upole, kama mgeni.

"Mum. Kidogo tu. Si ya kulewa, ni ya kusimama."

Babake alikuwa amekaa kwenye stuli hapo nje ya mlango. Alitikisa kichwa. Mimi nikaenda jikoni nikaosha vyombo vilivyokuwa vimeoshwa.

Jumatatu asubuhi tulimsikia akiongea. Alikuwa akimwambia nyanya yake awatoe kuku chumbani, ni wengi, wanapanda kitandani. Hakuna kuku. Na nyanya yake tulimzika. Nikamwambia Baba Wairimu tufungue. Akasema, "Tukifungua sasa tumepoteza yote." Sauti yake haikuwa ya mtu mkali. Ilikuwa ya mtu anayeogopa, ameshikilia kamba moja tu na haamini mikono yake.

Halafu kitu kikaanguka.

Tulipofungua alikuwa sakafuni, macho yamegeuka, mwili umekauka kama ubao na unarukaruka. Povu mdomoni. Nilijua nastahili kupiga nduru. Nilichofanya ni kusogeza kiti asijigonge kichwa, na kumlaza kwa ubavu kama tulivyofundishwa shuleni, polepole, kama ninayetandika kitanda cha wageni. Aliyelia ni babake. Mwili ulipolegea alimbeba akakimbia naye nje kwenye matope bila viatu, akiita, "Maitu! Maitu!" Watu wote wa ploti, wapangaji wenzetu, wakatoka. Basi, siri yetu iliishia hapo. Jirani akawasha gari lake, tukaenda hospitali.

Daktari alikuwa kijana mdogo. Nilikuwa nimejiandaa kukaripiwa, lakini hakukaripia mtu. Alimdunga dawa, akangoja apumue vizuri, ndipo akatugeukia.

"Mama, mwili uliozoea pombe kila siku haukatizwi ghafla nyumbani. Inaweza kuua. Kuna dawa ya kumshusha polepole, tukimwangalia. Mngemleta tu."

Mngemleta tu. Maneno mawili. Nimekuwa nikiyasikia nikipiga mswaki.

Baba Wairimu alisimama kwenye ukuta wa korido mpaka tulipoambiwa hatari imepita. Alienda nyumbani akavaa viatu, akachukua lori, akaelekea Malaba mpakani. Tangu siku hiyo hashiki simu yangu. Simlaumu, na si kwa wema. Sina tu mahali pa kuiweka lawama.

Leo asubuhi nilionana na mshauri wa pale wodini, dada mmoja anayeitwa Jepkosgei. Alikuwa amekaa na Wairimu peke yao kwanza. Mlango ulikuwa umefungwa na sikusikia kitu, na nafikiri hivyo ndivyo ilivyopaswa kuwa. Alipotoka nilimuuliza nimwambie nini mtoto wangu. Nilikuwa nimetayarisha mengi.

"Usianze na hotuba, Mama. Muulize yukoje, halafu nyamaza mpaka ajibu. Hata akichelewa."

"Na shule?"

"Shule itamngoja. Huu ni ugonjwa, si utundu tu. Na sitakudanganya, ugonjwa wenyewe unaweza kurudi hata baada ya yeye kutoka hapa. Atakuwa anakuja kuniona, na nyinyi pia mtakuja. Kesho nataka wazazi wote wawili."

Nikasema sawa. Wote wawili.

Nilimkuta Wairimu ameketi, amefunikwa shali yangu. Midomo imekauka. Alionekana mdogo, kama wa darasa la sita. Nikamuuliza, "Uko aje?" Nikanyamaza. Huko nje mtu alikuwa anasukuma toroli la chakula, likaja, likapita, likaenda mpaka mwisho wa wodi. Mimi bado nimenyamaza. Sijawahi kunyamaza muda mrefu hivyo mbele ya mtoto wangu.

"Naona aibu," akasema hatimaye.

Halafu: "Nataka kukuambia nitaacha. Lakini hiyo nimeshaambia mtu mara nyingi."

"Umemwambia nani?"

"Mimi."

Nikamshika mguu juu ya blanketi, kwa sababu ndio uliokuwa karibu.

"Baba ananichukia?"

Nikasema hapana. Nilisema haraka sana, na akajua nimesema haraka sana. Nilitaka kumweleza jinsi babake alivyokimbia bila viatu, lakini nikajikuta namrekebishia shali mabegani. Nitamweleza. Ama afadhali amsikie mwenyewe.

Nilipofika hapa saluni Mama Hodhan alipita akikimbia mvua, akaingiza kichwa mlangoni kuuliza kama malaria ya Wairimu imepungua.

"Haikuwa malaria," nikasema. "Ni pombe. Amelazwa."

Ni mara ya kwanza nimelitamka neno hilo kwa mtu wa nje asiyevaa koti jeupe. Mama Hodhan aliingia, akakaa, akavuta buibui lake juu ya magoti lisiguse maji ya sakafuni. Hakusema pole nyingi. Hakuniuliza ilikuwaje mimi mama nisijue. Alikaa mpaka mvua ikapunguka kidogo, akasema, "Mungu amponye," akarudi dukani kwake. Nilikuwa nimeogopa sana hilo neno. Limetoka, na kuta ziko palepale.

Sijalia bado. Nilijaribu nikiwa hapo nyuma, nikajitazama kwenye kioo nikikunja uso, nikaona naigiza. Nikaacha. Jepkosgei anasema itakuja yenyewe, nisiilazimishe, na ikija nisiende kulilia kitandani kwa mtoto.

Kuna mambo nimeyafanya hata hivyo, mikono ikiwa inajua kazi yake. Nimempigia mwalimu wa darasa nikamweleza ukweli, si wote, ule unaomtosha. Nimemwambia mdogo wake kwamba dada ni mgonjwa, ugonjwa gani, na kwamba si siri ya aibu ila pia si hadithi ya kupeleka uwanjani. Akauliza kama utamwambukiza. Nikamwambia hapana, lakini akionjeshwa popote akatae, aje aniambie mimi. Akarudi kwenye katuni zake.

Na nimemwandikia Baba Wairimu ujumbe. Sikumlaumu na sikumbembeleza. Niliandika: Mtoto anaendelea vizuri. Amekuuliza. Kesho mshauri anatutaka sote wawili.

Nikaweka simu kifudifudi kwenye rafu ya mafuta nikaanza kuandika haya, ili nisikae nikiitazama.

Imelia sasa hivi, nikiwa kwenye sentensi iliyopita. Ujumbe wa Baba Wairimu:

"Saa ngapi?"

Basi. Hakuna kingine. Nimeusoma mara kadhaa nikitafuta kama nitahisi kitu. Sina hakika. Kuna mahali fulani chini ya mbavu pamewasha kidogo, kama mguu uliokufa ganzi unapoanza kukumbuka kuwa ni mguu.

Sijui tutakaa vipi sisi watatu kwenye kile chumba kidogo cha mshauri. Sijui nani ataanza. Sijui kama tunaweza kuingia bila ya kila mtu kubeba kosa lake mbele kama sinia. Je, ninaweza kunyamaza tena, hata akichelewa kujibu?

Nimemjibu: "Saa nne asubuhi."

Acha kuche kwanza.