Ufunguo wa Vyuma vya Mkono

MAELEZO YA SHAHIDI
Shahidi: mke wa kinyozi wa kona ya soko. Umri: miaka 36. Kazi: dobi. Makazi: vyumba vya nyuma ya kiwanda cha magodoro.

Mnamo tarehe 9 mwezi huu, asubuhi, nilifika hapa kituoni nikamshitaki shemeji yangu, fundi baiskeli ambaye tunaishi naye, kwamba ameiba ufunguo. Leo tarehe 12 nimerudi kusema kwamba hakuiba.

Ufunguo wenyewe hauzidi kidole. Mwaka jana mume wangu aligongwa na lori, mfupa mmoja wa kigasha cha mkono wa kulia ukasagika, kisha ukaoza. Madaktari waliondoa sehemu iliyooza, likabaki pengo la upana wa vidole vitatu. Wakamfunga vyuma nje ya mkono, vyenye pini zinazopenya nyama hadi kwenye mfupa. Halafu wakaukata mfupa uliobaki, ili kipande kisogezwe kidogo kidogo kuziba pengo na nyuma yake uote mfupa mpya. Kinachokisogeza ni skrubu, na skrubu haizunguki bila ule ufunguo. Ni robo mzunguko asubuhi, robo jioni. Daktari alituonya: "Mkiacha, mfupa mpya utaganda kabla kipande hakijafika. Nitapasua tena, na sijui kama mkono utabaki."

Kuzungusha ni kazi yangu. Kushika ni kazi ya shemeji, maana mume wangu maumivu yakimpata anaruka. Shemeji humkumbatia kwa nyuma na kumtania: "Tulia kaka, mbona baiskeli za watu hazilii hivi?" Tunamwita Chuma kwa sababu hapiti chuma njiani akakiacha. Msumari ukipotea nyumbani tunampekua yeye, tunacheka. Ufunguo ulipopotea nikamwendea yeye, na safari hii sikucheka. Alisema, "Shemeji, mimi nimwibie kaka yangu mkono?" Mume wangu alikuwa amekaa kitandani. Aliinamisha kichwa. Askari walikuja wakamchukua Chuma.

Hospitali waliniambia ufunguo mwingine umeagizwa, nisubiri. Nilizunguka kwa mafundi wote wa mtaa, hakuna ufunguo wao ulioingia. Jioni ikifika najikuta nimesimama tayari kuzungusha, kisha nakaa. Kula sili, kulala silali.

Leo mchana nilitafuta mkasi wa kukatia bandeji, nikafungua sanduku la mashine za kunyolea za mume wangu. Tangu ajali hakuna aliyeligusa, hataki hata kuliona. Ufunguo ulikuwa umeviringishwa ndani ya kitambaa anachowafunga wateja shingoni. Nilimwonyesha. Akasema, "Nimechoka, mama watoto. Nilitaka kupumzika siku mbili tu. Halafu wakamchukua mdogo wangu, nikashindwa kusema." Nikamwuliza, "Na mkono je?" Akalia. Sijawahi kumwona akilia, hata siku ya lori. Nilikuwa na hasira ya kumpiga, nikakosa pa kumpiga.

Nilijaribu kuzungusha peke yangu. Aliruka, ufunguo ukaanguka. Skrubu imekuwa ngumu na sijui kama ndiyo tumeshachelewa. Naogopa sana. Naomba shemeji aachiwe sasa hivi, siyo kesho. Mume wangu yuko hapo nje kwenye benchi. Shemeji anaweza akakataa kutushikia, na akikataa ana haki. Nitamwomba.

Nimesomewa niliyosema, ndivyo yalivyo, sina la kuongeza.

Sahihi ya shahidi: (ametia sahihi)

Maelezo ya askari aliyeandika: Mtuhumiwa ametolewa mahabusu saa tisa na nusu alasiri. Alimpita shahidi. Alikwenda moja kwa moja kwenye benchi, akamkumbatia kaka yake kwa nyuma. Nilifunga mlango wa kaunta ili wasisumbuliwe, nikatoka kwao. Shahidi alizungusha, skrubu ikakataa mara mbili. Mtuhumiwa akasema, "Zungusha tu, shemeji, nimemshika." Mara ya tatu ikazunguka.