Vipande Nilivyokata Kivulini

Mzee wangu Masanja,

Shikamoo. Usiitikie kwanza, ukisikia habari yenyewe huenda ukaifuta hiyo marahaba.

Ni mimi Kulwa, msaidizi wako wa malambo, yule uliyemtania kwamba anapima udongo kwa viatu vilivyopigwa rangi. Siku hizi nina kitambi na mvi. Viatu bado napiga rangi.

Wiki iliyopita wanakijiji walikutana wapange kulijenga upya lile lambo letu la karibu na Maganzo. Tangu tuta limeguke, ng'ombe wanatembea asubuhi nzima kutafuta maji. Mwenyekiti akasema, "Safari hii tusiletewe fundi wa kukisia kama marehemu." Watu wakacheka. Mkeo, Mama Kabula, alikuwa amekaa mbele. Hakuinua uso.

Mzee, wewe hukukisia. Ni mimi.

Yale majora ya kitambaa cha plastiki, tuliyoyalaza ndani ya tuta tabaka kwa tabaka ili yashike udongo, yalikuwa yamekaa uani juani kiangazi kizima. Ukaniagiza nikate vipande kumi, nivitundikie ndoo, nimimine mchanga mpaka vikatike. "Kata vya nje, vilivyoungua," ulisema. "Tuta huachia penye kibovu, ng'wana wane, mwanangu, halijali kizuri ulichonacho."

Siku ile nilivaa shati jeupe. Nilikuwa nakwenda kujitambulisha ukweni, na kwa jinsi nilivyochelewa kuoa, nilijipamba kwa bidii. Kitambaa cha nje kilijaa vumbi. Nikalifunua jora, nikakata vya ndani kabisa, vilivyokaa kivulini. Vyote kumi vikabeba mzigo kama punda. Ukaliamini daftari langu. Mvua kubwa ya kwanza tu, mteremko ukaporomoka, na kile kitambaa cha nje tukakikuta kimechanika kama karatasi ya maandazi.

Kwenye kikao ukasema, "Kitambaa nilikipokea mimi." Wakakunyang'anya usimamizi. Mimi nikainama. Halafu nikakualika harusini, nawe ukaja. Ukacheza! Heri ungekataa, Mzee. Heri ungenitukana.

Basi, wiki iliyopita nikasimama mbele ya wote, nikayasema. Nikadhani Mama Kabula atalia, au atanisamehe. Hata uzeeni bado najipendelea. Akasema tu, "Kulwa, mwenzangu alilazwa hospitali ya Kolandoto miezi miwili. Ulikuja kila Jumapili na machungwa. Machungwa tu?"

Nikaketi.

Ofisini kwetu nimeandika kwamba vipande vile nilikata mimi, na kosa liondolewe kwenye jina lako. Wakinifukuza, haya. Wakinibakiza, nitapima kitambaa kilichochoka kuliko vyote, wanakijiji wakitazama, na nitaandika kile kilichokatika kwanza.

Lala salama, Mzee wangu. Jumapili nakwenda kwa Mama Kabula. Ana mengi ya kuniambia, nami nakuahidi nitakaa mpaka amalize.

Mwanafunzi wako,
Kulwa