Kiraka Anaruka Hatua

Jumatatu, 10 Juni

Picha ishirini na mbili leo. Nilipanga arobaini. Ishirini na mbili!

Naziandika hapa nisije nikajidanganya. Katuni ya mwanasesere haina huruma. Unamsogeza kidogo, unapiga picha, unamsogeza tena, unapiga tena, na picha kumi na mbili ndiyo sekunde moja tu. Kiraka wangu – kizee cha waya na vitambaa, urefu wake kama mwiko – anatakiwa avuke meza nzima mpaka kwenye mlango wa kadibodi. Sekunde arobaini. Picha mia nne na themanini. Ninazo mia moja na kumi. Maktaba wanapokea filamu za watu wasiojulikana kama mimi mpaka tarehe 30, basi.

Mwanga ninaoutaka unakuja saa kumi na mbili na robo asubuhi, unaondoka saa moja, jua likishapiga dirishani na kutupa vivuli kila mahali. Dakika arobaini na tano. Leo ishirini zimekwenda kwa Mama mkwe. Mwinue, mshike, mpeleke msalani, msubiri, mrudishe, mpangie mito – si huo, ni ule mwingine. Wiki ya sita sasa tangu afanyiwe upasuaji wa nyonga. Daktari wa viungo alisema wiki ya nne atakuwa anatembea na fimbo. Fimbo iko pale ukutani, haijaguswa.

Kitanda chake tumekiweka sebuleni, mkabala na meza yangu. Hapakuwa na pengine.

Mwenzangu anakoroma. Mama ni wake, mgongo unaouma ni wangu.

Jumatano, 12 Juni

Kuna kitu hakiendi sawa. Nimezitazama picha zote mfululizo. Kiraka anatembea vizuri, anaburuta ule mguu wa kushoto kama nilivyotaka, halafu – paa! – anaruka. Kama mtu kamsukuma mgongoni. Hatua mbili mbele anaruka tena.

Labda ni mimi. Labda nimechoka, namsogeza mara mbili napiga mara moja. Lakini mimi najijua. Kazini natoboa matundu ya vifungo mia tano kwa siku kwenye mashati ya shule, na nafasi kati ya tundu na tundu ni ileile tangu asubuhi mpaka jioni. Mkono wangu hauruki.

Leo nimeweka nukta ya penseli nyuma ya kisigino chake kabla ya kuondoka. Tutaonana kesho.

Ijumaa, 14 Juni

Si mimi! Jana nukta ilikuwa nyuma yake upana wa kidole. Leo tena. Kuna mtu anamgusa Kiraka nikiwa kazini.

Na ni nani? Mama hainuki kitandani. Anayebaki ni mmoja, fundi mafriji, anayerudi saa saba mchana kumpashia mama yake chakula na kula cha kwake – wapi? Kwenye kona ya meza yangu! Nimeshamwambia mara mia ale jikoni.

Nilimngoja mlangoni. Hata viatu hajavua. Nikamwambia asitie mkono kwenye kazi yangu. Akasema hajamgusa huyo mdoli wangu. Mdoli! Nikamwambia siku nikikuta friji la mteja wake limefunguliwa nitalichezea hivyohivyo, tuone. Hapo ndipo na yeye alipofura. Akasema nimeanza filamu sita tangu tuoane na sijamaliza hata moja, na kila moja ina mtu aliyeiharibu. Safari hii zamu imemfikia yeye.

Kasema taratibu, kwa sauti ya chini, ili mama yake asisikie. Afadhali angepiga kelele.

Sita, ni kweli. Ndiyo maana imeniuma.

Jumapili, 16 Juni

Nimefuta picha thelathini na tisa. Siku mbili za kazi. Nimemrudisha Kiraka kwenye nukta ya Jumatano, nimeanza upya. Sasa ninazo mia na thelathini na nne.

Ndani hatusemezani. Chumvi tunaombana kwa vidole.

Mama peke yake ndiye mwenye maneno. Asubuhi nilipomwamkia shikamoo aliitikia marahaba huku anaangalia meza. Akaniuliza, "Mwanangu, mbona mzee kaanza kurudi nyuma? Juzi alishaupita mkunjo wa kitambaa cha meza." Nikamwambia kuna mtu kaniharibia. Akaguna tu, akageukia ukutani.

Nilimwonea huruma kidogo, nakiri. Angalau kuna mtu mmoja humu anayejua Kiraka amefika wapi.

Mchana shemeji alipiga simu, kaka yake mkubwa mume wangu. Wanakuja Jumamosi na gari. Kama Mama ameanza kutembea, wanamchukua moja kwa moja akaishi kwao. Kama bado, haiwezekani, nyumba yao ni ya ghorofa na ngazi ni nyingi. Nikaitikia kwa adabu zote. Moyoni nilikuwa natamani Jumamosi iwe kesho. Dakika zangu arobaini na tano zote, nzima nzima! Mungu anisamehe.

Jumatatu, 17 Juni

Mashati arobaini nimetoboa matundu upande wa kulia. Ya wavulana! Ya wavulana matundu ni kushoto, mtoto mchanga anajua. Msimamizi kayainua moja moja mbele ya chumba kizima kama mnadani. Nilikuwa nafikiria kisigino cha Kiraka.

Sasa nakaa mpaka saa kumi na moja kila siku wiki hii kuziba na kutoboa upya. Haya, nipigeni teke na huku.

Pini, yule mkata vitambaa anayekaa nyuma yangu, alicheka mpaka akaweka mkasi chini. Nilipomweleza yote akasema mbona rahisi. Ile simu kuukuu ninayopigia picha ina mahali pa kuipanga ijipige yenyewe. Niiache inapiga kila nusu dakika mchana kutwa, nimkamate bwana mkubwa mikono ikiwa mezani. Kisha nizichapishe nizibandike kwenye friji.

Nitaiwasha kesho kabla ya kuondoka. Majaribio nimeshayafanya jioni hii. Nimeirudisha nyuma kidogo ili ishike meza na sebule yote, na sakafuni nimebandika alama za karatasi ya gundi, ili nijue pa kuirudisha.

Jumanne, 18 Juni

Nikae chini kwanza.

Nimefika, mwenzangu hajarudi, Mama amelala au anajifanya. Nimeingia chooni na simu, nikafunga mlango. Nikaanza kuzipitisha picha kwa kidole, haraka haraka, kama ninavyomtazama Kiraka.

Saa mbili asubuhi, hakuna kitu. Saa tatu, hakuna kitu. Saa nne kasoro, Mama yuko kitandani. Picha inayofuata amekaa. Inayofuata miguu iko chini. Inayofuata AMESIMAMA. Peke yake! Mkono mmoja kwenye kiti. Kisha yuko katikati ya sebule, hana hata fimbo. Kisha yuko mezani.

Anavuka chumba kwa kurukaruka, picha kwa picha, na ule mguu wa kushoto anauburuta. Mguu wa Kiraka, ule niliouonea fahari, kumbe nimeuiba kwake bila kujua.

Kafika mezani, kainama, kamsogeza Kiraka kwa vidole viwili. Polepole. Kamwangalia. Kamsogeza tena. Kisha kaangalia simu, usoni kabisa, anatabasamu kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho na kaambiwa asitabasamu.

Kisha kaenda jikoni. Kisha msalani! Karudi na kikombe. Saa saba kasoro robo yuko kitandani na shuka mpaka kidevuni. Saa saba mwanawe anaingia. Anamwinua, anamlisha. Anakula kwenye kona ya meza. Hajamgusa Kiraka. Hata kumtazama hakumtazama.

Wiki sita! Wiki sita nambeba mtu anayejichemshia chai!

Nina hasira mpaka meno yananiuma.

Alhamisi, 20 Juni

Jana sikusema. Nilitaka kuona. Asubuhi nikamshika kama kawaida, na yeye akanilalia na uzito wake wote, "polepole mwanangu, polepole." Nikatembea naye. Jioni tena.

Leo nimewadanganya kazini kwamba naumwa, nikarudi saa nne. Nimemkuta jikoni, kikombe mkononi.

Hakushtuka sana. Akavuta kiti akakaa. Sikumwamkia, mara yangu ya kwanza tangu niolewe. Nilimwonyesha picha. Akazitazama zote, hata akaniomba nirudishe mbili. Kisha akasema anaonekana mzee.

Nikamuuliza kwa nini. Nilikuwa napiga kelele, sitaficha. Kwa nini anifanye punda, kwa nini amguse Kiraka, kwa nini mwanawe nimemtukana bure na yeye amelala pale anasikia.

Akaanza na la Kiraka. Alikuwa anaona nachelewa kwa ajili yake. Dakika ishirini kila asubuhi anaziona zinavyoondoka. Sasa mchana anamsogeza kidogo kidogo, ile kazi iende, anifidie zile dakika. Alidhani simu inajipigia yenyewe maadamu imesimama pale. "Nilimsogeza kama unavyomsogeza wewe. Sikumharakisha."

Nikamwambia, "Mama, ungekwenda tu msalani kwa miguu yako, dakika zangu ningekuwa nazo."

"Ningekwenda kwa miguu yangu, ningekuwa nimeshaondoka."

Akaniambia ya kule ghorofani, alikokaa miezi mitatu kabla ya nyonga. Chakula kinaletwa mlangoni, wanagonga, wanashuka. Si watu wabaya, alilirudia hilo mara mbili, wana shughuli zao. Toka asubuhi mpaka usiku anasikia televisheni ya chini. "Hapa naamka nina kitu cha kungojea. Nangoja nione kafika wapi."

Ningependa kuandika kwamba hasira ziliisha. Hazikuisha. Zilizidi, maana sasa sijui niziweke wapi. Nilimwambia ameniharibia siku tisa. Akasema anajua. Nikamwambia nitamwambia mwanawe. Akasema, "Ni haki yako." Akasuuza kikombe, akarudi kitandani. Mbele yangu, kwa miguu yake.

Ijumaa, 21 Juni

Nimeamka saa kumi na mbili na robo. Kitanda cha sebuleni kitupu. Amejipeleka msalani, kajirudisha, kajipangia mito.

Picha hamsini na moja. Sijawahi kufikisha hata arobaini.

Mwenzangu alipoamka saa moja na nusu, mama yake alikuwa chini ya shuka, na mimi nilisikia mdomo wangu mwenyewe unasema, "Tayari nimeshampeleka." Haraka haraka, kama mwizi aliyekulia kwenye wizi.

Sasa mimi ni nani humu ndani? Nataka kumwomba radhi mume wangu na siwezi, nikimwomba ataniuliza nimejuaje. Nikinyamaza, wiki nzima ameitwa mharibifu bure. Na huyu mama ananilipa kwa dakika, na mimi nazipokea.

Simu na picha zile ziko kwenye mfuko wa aproni. Sijazifuta.

Jumamosi, 22 Juni

Naandika nimesimama jikoni, daftari juu ya pipa la unga.

Wamekuja, shemeji na mkewe. Gari wameliacha nje, mlango wa nyuma wazi, kiti wameshakilaza tayari. Wamekaa kwenye meza yangu! Kiraka nimemwondoa mwenyewe asubuhi nikamweka juu ya kabati, ana nukta yake.

Shemeji alimsalimia mama yake kwa heshima, akamuuliza hali. Mama akasema nyonga bado, mwanangu, bado. Mke wa shemeji akaangalia fimbo ukutani, akaangalia saa. Wiki ya saba, akasema. Dada yake alifanyiwa hivyohivyo, wiki ya tano alikuwa sokoni.

Wakabishana kidogo kwa upole. Shemeji anasema wakimchukua kwa kumbeba ngazi zitawashinda. Mkewe anasema labda hajajaribu. Ndipo mwenzangu, ambaye toka Ijumaa ya wiki iliyopita hajanitazama usoni, akasema, "Mnabishana nini? Muulizeni mke wangu. Kila alfajiri ndiye anayemshika, mimi nikiwa nimelala. Atakalosema yeye ndilo."

Ndilo! Baada ya yote niliyomwambia. Angeninunia ningejua la kufanya.

Wote wakanigeukia. Shemeji akasema, haya shemeji, anatembea au hatembei? Mama hakuniangalia. Alikuwa anaangalia pale mezani Kiraka anaposimama siku zote, sasa pana kiwiko cha mke wa shemeji.

Nikasema ngojeni nilete chai.

Maji yamechemka zamani. Nimeyazima, nimeyawasha tena. Simu ninayo mkononi, picha ya kwanza kabisa iko wazi, ile amekaa miguu chini. Ni kutoka tu na kuiweka mezani. Mume wangu atajua sikumwonea kwa makusudi. Mgongo wangu utapona. Asubuhi zote zitakuwa zangu, na sebule, na mwanga wote. Na mtu wa kuniuliza Kiraka kafika wapi hatakuwepo. Na kwa nini lazima niwe mimi? Ana watoto wawili aliowazaa mwenyewe, wamekaa pale wanangoja chai!

Ananiita. Anaita kwa ile sauti ya kila siku: "Mwanangu, njoo unishike, nataka kwenda msalani."

Mbele yao wote. Hana hata aibu. Mwenzangu anamwambia ngoja nikushike mimi, Mama, na yeye anasema hapana, amezoea mkono wangu.

Nina hasira, kalamu inatoboa karatasi. Anaita tena.

Simu nimeitia kwenye unga, sijui hata kwa nini. Na mikono nimeshaifuta, naenda kumshika.